Nilitia karafuu kupita kiasi kwenye mafuta ya bi harusi, na begi likawa limeshafika kwao

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, mlio kazini mnajifanya mko bize na mlio nyumbani mnasubiri chakula kiive.

Mimi humu huwa ni msomaji tu. Napita, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili likiendelea kukaa kifuani litanipandisha presha. Ni kweli tupu, limenitokea mimi mwenyewe hapa Unguja. Majina nimeyabadilisha, maana ndugu zangu wengine wamo humu humu na midomo yao haina breki.

Kwanza mnijue. Nakaa Mwanakwerekwe na mama yangu na kaka yangu Suleiman. Ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikituma meseji nairudia kuisoma nione kama nimemtukana mtu bila kujua. Kwa hiyo huko chini mkiona nahangaika sana, jueni hapo nimepunguza.

Kazi yangu ya pembeni ni kutengeneza mafuta magumu ya kujipaka. Mtandaoni wanaita lotion bar, sisi nyumbani tunaita mafuta ya kipande.

Ni mafuta ya nazi yaliyorowekwa viungo na maua, yanachanganywa na nta ya nyuki, yanamiminwa kwenye vibati vya keki ndogo. Yakipoa unapata kipande kigumu. Unakisugua mwilini, joto la ngozi linakilainisha, unabaki laini na unanukia. Hakivuji, hakimwagiki.

(Shangazi yangu mmoja nilimpa kimoja akaenda kukiogea. Alitoka chooni amenuna, anasema sabuni gani hii haina povu na maji yanamteleza mwilini. Tuendelee.)

Kwa wanaotaka kujua navyofanya: karafuu kavu nazitwanga kidogo, natia kwenye chupa ya mafuta ya nazi, chupa naisimamisha ndani ya sufuria la maji ya moto, moto mdogo, mpaka mafuta yabadilike rangi. Mlangilangi na asumini nayaanika kivulini kwanza yanyauke, maana ua bichi lina maji, na maji yakiingia kwenye mafuta yanayaozesha. Nta naipata Darajani kwa muuza asali. Inakuja nyeusi, ina mpaka miguu ya nyuki, naiyeyusha na kuichuja kwa kipande cha kanga kuukuu.

Kwa joto la hapa kwetu mafuta ya nazi hayagandi yenyewe, kwa hiyo nta lazima iwe ya kutosha. Ikizidi umetengeneza mshumaa. Ikipungua unafungua kibati unakuta uji.

Hayo nilishayaweza. Kilichokuwa kinanishinda ni harufu.

Sasa kaka yangu Suleiman akapata mchumba, binti wa Chukwani, tumwite Ruqaiya. Harusi ikapangwa.

Kwa wasiojua mila zetu, upande wa mwanamme unapeleka begi kwa bi harusi. Ndani mna nguo, viatu, udi, manukato, mafuta, kila anachohitaji mwanamke. Likifika linafunguliwa mbele ya wanawake wa kwao. Kitu kimoja kimoja kinanyanyuliwa juu, vigelegele vinapigwa, na kila kitu kinajadiliwa. Begi ndilo linaloamua mtasemwa vipi.

Kwenye harusi ya binamu yetu mmoja chupa ya mafuta ilifunguka njiani ndani ya begi. Magauni yalilowa yote. Mpaka leo watu wakitaka kuitaja familia yetu wanaanza na mafuta yale.

Ndiyo maana mama akaniambia, "Si una mafuta yako hayo yasomwagika? Tutengenezee ya begi."

Nilitengeneza kwa moyo wangu wote. Nikampelekea mama kipande cha kwanza anuse. Akanusa, akanusa tena, akakigeuza upande wa pili kama anayetafuta harufu ilikojificha.

"Mwanangu, mbona kama mshumaa? Bi harusi huyu, si mgonjwa. Mtu akiingia mlangoni ajue ndani mna bi harusi."

Wakuu, hapo ndipo nilipopotea.

Karafuu iliyorowekwa inatoa harufu ya upole. Lakini kabatini tulikuwa na kichupa cha mafuta makali ya karafuu, yale ya kiwandani, ambayo tunaweka kwa ajili ya jino. Nikaiyeyusha nta upya, nikatia hayo mafuta kidogo. Nikanusa. Bado. Nikatia tena. Pua yangu ilishazoea harufu na mimi sikujua kama imezoea. Nikatia ya mwisho. Halafu ile ya mwisho kabisa.

Na sikuogopa! Mimi ninayeogopa umeme, ninayeogopa paka wa jirani, ninayeogopa kupokea namba nisiyoijua. Lakini karafuu? Imo kwenye chai yetu, imo kwenye pilau, imo kwenye singo wanayosuguliwa maharusi. Kwa bibi yangu tulikuwa tunazikanyaga zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi. Mtu wa kwingine angesoma maelezo kwenye kichupa kabla hajamimina. Mimi Mzanzibari nikasome maelezo ya karafuu?

Huwa najaribu kila kitu kwenye mkono wangu kwanza. Safari hii begi lilikuwa linafungwa, mashangazi wamesimama, gari inapiga honi nje. Nikaviweka vipande kwenye kiboksi chenye utepe na nikatia ndani ya begi.

Chukwani tulipokelewa kwa vigelegele. Kiboksi changu kiliponyanyuliwa ukumbi mzima ulinukia. Wakauliza nani katengeneza, wakaambiwa wifi yake mwenyewe. Nilipigiwa vigelegele peke yangu wakuu. Sijawahi kupigiwa vigelegele maishani.

Ruqaiya sikumuona. Alikuwa ameshawekwa ndani chini ya somo wake, Bi Zuwena, yaani yule mwanamke anayemfunda bi harusi na kumtengeneza. Kila siku anamsugua singo ya maua na viungo, anampaka liwa, ule unga wa mti wa kunukia, anamfukiza udi. Watu wengine hawamuoni mpaka siku yenyewe.

Tukarudi zetu. Nilikuwa na raha ambayo sikuizoea, ningejua ningeishuku mapema.

Kipande kimoja kilikuwa kimebaki jikoni. Siku chache baadaye mama akajipaka miguuni baada ya kuoga. Muda si muda nikamsikia chumbani.

"Haya mafuta yako yana pilipili?"

"Pilipili ya wapi mama?"

"Yananiwasha mie. Njoo utazame."

Miguu ilikuwa imeiva nyekundu. Nikaenda jikoni, nikajipaka kidogo upande wa ndani wa mkono, nikakaa kwenye kibao kuusubiri. Kwanza joto. Halafu mwasho. Halafu ngozi ikainuka vipele vidogo vidogo, na nikiigusa inauma.

Nilikuwa nauangalia mkono wangu lakini nauona wa Ruqaiya. Halafu likanijia jambo baya zaidi: huyu mtu anasuguliwa singo kila siku, ngozi yake imekwanguliwa na kubaki laini kama ya mtoto. Mimi na ngozi yangu hii ya kuzoea jua nimekuwa hivi. Yeye je? Na akipaka usoni je?

Nikamwambia mama lazima twende tukayachukue. Mama alinitazama kama nimevua nguo sokoni.

"Ukatoe kitu ndani ya begi lishafunguliwa? Umeona wapi? Watasema tumejutia. Au watasema tulitia kitu, sasa tunakuja kukiondoa."

Hapo mnaelewa alimaanisha kitu gani. Mafuta ya kupaka, yametoka kwa wifi, halafu wifi mwenyewe anarudi mbio kuyadai. Maneno ya uchawi hayahitaji zaidi ya hapo.

"Lakini mama, yatamuunguza."

"Akipaka mara moja akiona yanawasha ataacha. Ana akili zake. Wewe nyamaza."

Nikampigia Suleiman.

"Mtumie meseji mchumba wako asipake yale mafuta."

"Simu kanyang'anywa na somo wake. Mie mwenyewe nnaongea na ukuta."

"Basi mpigie mama yake."

"Nimpigie mama mkwe nimwambie habari za mafuta ya kupaka? Hivi we mzima? Malizaneni wenyewe kina mama."

Kaka yangu nampenda lakini siku ile ningemuuza.

Nikafanya kosa la kuingia mtandaoni kuangalia picha za ngozi zilizoungua. Ndugu zangu, msithubutu. Siku iliyofuata nikawa sili, nasafisha nyumba ambayo ni safi, nauangalia mkono wangu kila dakika. Mama naye alikuwa anajikuna miguu kwa siri akidhani simuoni.

Nilijiambia labda hajapaka. Labda wamekiweka kiboksi mpaka harusi ipite. Nikajiambia pia kwamba mama anajua zaidi yangu. Hakuna hata moja lililonituliza, kwa sababu kila nikijikuna nakumbuka kwamba mahali fulani Chukwani mtu mwingine pengine anajikuna, na hajui kwa nini.

Kesho yake nikashindwa kabisa. Nikamuaga mama naenda Darajani. Darajani nilikwenda kweli, nikanunua asumini na rehani nipate kisingizio cha kupeleka maua ya kufunga vikuba vya kuvaa kifuani, halafu nikaelekea Chukwani.

Njia nzima najitungia maneno. Nitasema nimekosea kiboksi. Hapana, nitasema nataka kubadilisha utepe. Hapana, nitasema nimeleta kingine kizuri zaidi. Kila uongo niliouunda ulikuwa unaniishia kabla sijafika.

"Hodi!"

"Karibu! Aaa, wifi wa bi harusi kaja!"

Vigelegele tena. Wanawake walikuwa ukumbini wanachambua mchele wa harusi kwenye sinia. Nikakalishwa kwenye kiti wakati wao wako kwenye jamvi, nikapewa juisi ya ukwaju. Sikuwahi kuheshimiwa vile na sikuwahi kuteseka vile.

Shangazi yake mmoja akanigeukia, uso umemjaa furaha.

"Mafuta yenu yale, mashaallah! Harufu yake hata barazani unaipata. Kila jioni anapaka, kila jioni!"

Kila jioni.

Nikatabasamu, maana uso wangu haukujua kitu kingine cha kufanya.

Kisha mlango wa chumba ukafunguliwa, Bi Zuwena akatoka na bakuli la singo mkononi, na nyuma yake ikatoka ile harufu. Karafuu yangu. Nzito, kali, imejaa chumba kizima. Huku nje ilikuwa harufu ya kusifiwa, lakini mimi nilikuwa nimeshajua inafanya nini ikikaa kwenye ngozi.

Nikasimama. Nikamfuata mpaka ukumbi wa nyuma.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

Uongo wote nilioutunga njiani ukanikimbia.

"Si kwema. Mafuta yale nimeyakosea. Nimetia karafuu kali nyingi mno, yanaunguza. Naomba asipake tena. Nakuomba."

Nikapandisha mkono wa baibui nikamuonyesha. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akaushika tena mkono akausogeza kwenye mwanga. Nilikuwa nasubiri aseme neno lile nililokuwa naliogopa tangu nyumbani.

"Ingia," akasema.

Ruqaiya alikuwa amekaa kitandani, na joto lote lile amejifunika kanga mpaka shingoni. Aliponiona akaivuta juu zaidi. Nikamwambia, "Wifi, nimekuja kwa ajili ya mafuta." Nikamuonyesha mkono wangu kabla hajaniuliza kitu.

Akautazama kwa muda mrefu. Halafu akaiachia kanga.

Wakuu, mikono yote miwili, kutoka kwenye viwiko mpaka vifundoni. Na shingo. Nyekundu, imevimba vipele, sehemu nyingine imeanza kuchubuka. Uso alikuwa hajaupaka, alhamdulillahi. Nilianza kulia palepale, kilio cha sauti, mpaka Bi Zuwena akaenda kufunga mlango.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Kwa nini uliendelea kupaka?"

"Nimwambie nani wifi? Begi limefunguliwa mbele ya watu, umepigiwa vigelegele. Nkisema mafuta ya wifi yananiwasha, itakuwa hata sijaingia nyumba ya watu nshaanza maneno. Kila jioni shangazi anakuja kuuliza kama nshapaka, nikaona bora nivumilie. Nlidhani ngozi itazoea."

Mimi Mwanakwerekwe sisemi kwa sababu naogopa watu wa Chukwani watanifikiriaje. Yeye Chukwani hasemi kwa sababu anatuogopa sisi. Na kila jioni anajipaka moto kwa adabu.

Bi Zuwena alikuwa ameshika kiuno.

"Kumbe! Na mie nshamwaga liwa yote nkidhani imeharibika! Nimekwenda kumgombeza muuzaji! Na wewe umekaa hapo unaniona?"

Ruqaiya akainamisha kichwa. "Nisamehe somo. Liwa haina ndugu wa kulalamika."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani nilikuwa mimi, huku machozi na kamasi vinanitoka. Tukacheka watatu mle ndani, na nje wakasikia wakapiga vigelegele wakidhani mambo ni mazuri.

Bi Zuwena akamuosha kwa maji baridi na sabuni isiyo na harufu. Kisha tukampeleka kituo cha afya, amejifunika gubigubi kwa mlango wa nyuma. Daktari akampa marhamu na akatoa amri: hakuna singo, hakuna liwa, hakuna kitu chochote chenye harufu, na piko asiliguse kabisa. Hapo kwenye piko ndipo Ruqaiya alipolia. Maumivu yote aliyavumilia, ila kukosa maua meusi mikononi siku ya harusi ndiko kulikomuuma.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kila kitu, nimesimama karibu na mlango ili nipate pa kukimbilia. Akauliza, "Mikono yote miwili?" Nikasema yote miwili. Akaenda jikoni akatoa chupa ya mafuta ya nazi matupu aliyoyapika mwenyewe, akaifunga kwa nailoni na kitambaa, akaniambia, "Mpelekee. Daktari akiruhusu apake haya. Mwambie hayana kitu." Hakusema zaidi, na kwa mama hiyo ni hotuba.

Siku ya harusi shingo ilikuwa imeshapona. Mikono ilibaki na alama, fundi akaongeza mikono ya lesi kwenye gauni. Miguuni alipakwa hina ya majani, mikononi ncha za vidole tu. Wanawake wakaanza kuulizana mbona bi harusi mikono mitupu. Bi Zuwena akawajibu bila kupepesa, "Ndo mtindo wa sasa, nyinyi mko nyuma." Nasikia baada ya hapo maharusi wengine wameomba hivyo hivyo.

Nimejifunza nini? Kwamba kitu ulichokizoea mdomoni si lazima ngozi ikizoee. Mafuta makali hayamiminwi kwa pua, yanapimwa, na kipande kipya kinakaa kwenye mkono wa mtengenezaji kwanza mpaka kesho yake, hata kama gari inapiga honi. Lakini zaidi ya hayo nimejifunza kwamba ningemsikiliza mama, yule binti angeendelea kupaka mpaka siku ya harusi, na mimi ningeendelea kusifiwa.

Naomba wenye uzoefu wa nta na maua mnisaidie: mnapataje harufu inayokaa bila kumuunguza mtu? Na kama nawe kuna zawadi ya ukweni unayoivumilia kimya kimya, hebu imwage hapa, hatukujui.

Naishia hapo maana naitwa. Ruqaiya sasa anaishi nasi. Leo nimetoa kipande kipya cha mlangilangi na karafuu ya kuroweka tu, nikampa anuse. Amekinusa, akanirudishia mkononi, anacheka.

"Paka wewe kwanza wifi. Mie ntakutazama mpaka kesho."